Mchoraji Mbele ya Krateri ya Borghese: Asili na Nakala katika Mchongo wa Shamrashamra

Utangulizi

Katika makumbusho ya mji wa Valence, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kumehifadhiwa mchoro wa chaki nyekundu uliochorwa na Hubert Robert (1733–1808) mnamo mwaka 1775 hivi. Mchoro huo unamwonesha mchoraji akinakili chombo kikubwa cha marumaru kilichozungukwa na michongo ya Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki wa kale, pamoja na wafuasi wake wanaocheza, wanaopiga ala na wanaolewa. Chombo hicho si cha kubuni. Kinajulikana kama Krateri ya Borghese, na leo kimo katika Makumbusho ya Louvre mjini Paris. Kilichobuniwa ni karibu kila kinachokizunguka. Robert amekikuza kupita kimo chake halisi, akakiondoa katika jumba la kifahari kilimokuwamo, kisha akakiweka miongoni mwa magofu.

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya mchoro huo na mchongo unaooneshwa ndani yake. Hoja inayojengwa ni kwamba Robert hakuichora shamrashamra ya Dionysos. Alilichora tendo la kuitazama na kuinakili. Kwa kufanya hivyo alikaribia ukweli wa chombo kile kuliko wengi wa zama zake waliokisifu kama kazi ya asili isiyo na mfano, kwa sababu chombo chenyewe, kama itakavyooneshwa, ni zao la karakana iliyonakili. Suala hili si dogo kwa mtafiti wa sanaa. Wapenzi wa sanaa wa karne ya 18 waliipima kazi kwa ngazi: juu kabisa kazi asilia ya Kigiriki, chini yake nakala ya Kirumi, na chini zaidi nakala ya kisasa. Iwapo kazi iliyowekwa kileleni nayo ni nakala, ngazi nzima inahitaji kuangaliwa upya.

Istilahi

Istilahi tatu zinahitaji maelezo kabla ya kuendelea. Ya kwanza ni mchongo wa mwinuko. Hapa inatumika kwa maana ya umbo linalochongwa likabaki limeshikamana na uso wa jiwe, huku sehemu inayolizunguka ikiwa imechimbwa ili umbo liinuke. Mchongo wa aina hii hauna mgongo. Hauwezi kuzungukwa kama sanamu iliyosimama peke yake. Hata hivyo, unapochongwa juu ya chombo cha mviringo, mtazamaji hulazimika kukizunguka chombo ili aumalize mchongo. Tofauti hiyo itakuwa na uzito baadaye.

Ya pili ni krateri. Kwa Wagiriki wa kale krateri ilikuwa bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji kabla ya kunywa, na kunywa divai bila maji kulihesabiwa kuwa ushenzi. Msomaji wa Kiswahili amelizoea neno hili kwa sura nyingine, kwa kuwa kreta ya volkano, ikiwemo ya Ngorongoro, imelipata jina lake kutokana na bakuli hilohilo la Kigiriki. Krateri za marumaru zinazojadiliwa hapa hazikutumika kuchanganyia kitu. Zilikuwa mapambo ya bustani na kumbi za Warumi matajiri.

Ya tatu ni urasimi mpya. Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, urasimi humaanisha mkabala unaozichukua kazi za Ugiriki na Roma za kale kuwa kipimo cha ubora. Urasimi mpya ni kurejea kwa mkabala huo katika Ulaya ya nusu ya pili ya karne ya 18, baada ya uchimbaji wa Herculaneum ulioanza 1738 na wa Pompeii ulioanza 1748. Robert hakai kwa utulivu kamili chini ya istilahi hii. Mkono wake una wepesi wa kizazi kilichotangulia, na mapenzi yake ya magofu yanatabiri ulimbwende. Hata hivyo, maudhui ya mchoro wa Valence ni ya urasimi mpya waziwazi: mtu wa sasa anakaa mbele ya kazi ya kale ili ajifunze kwayo.

Chombo na shamrashamra yake

Krateri ya Borghese ina kimo cha mita 1.72, takriban kimo cha mtu mzima. Imechongwa kwa marumaru ya Pentelikoni, mlima ulio karibu na Athene, na wataalamu huikadiria kuwa ya miaka ya 40 hadi 30 K.K. Ilifukuliwa Roma mwaka 1566 katika eneo lililokuwa Bustani za Sallustius. Katika karne ya 17 ilikuwa tayari imo katika mkusanyo wa familia ya Borghese, katika jumba lao lililo nje kidogo ya kuta za mji. Umbo lake ni la kengele iliyogeuzwa, mdomo umepanuka na kitako ni chembamba. Chini ya mdomo umetambaa mzabibu wenye majani na vichala. Vishikio vya kale vimepotea, lakini vichwa vya masatiri vilivyokuwa mashinani mwake vimebaki.

Katikati ya chombo ndipo ulipo msafara wa Dionysos. Mungu mwenyewe yumo, na karibu naye mwanamke anayepiga kinubi, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa Ariadne, mkewe. Wanaofuatana nao ni masatiri, yaani viumbe wa kiume wenye masikio na mikia ya wanyama, na wamenadi, wanawake wanaoingiwa na wazimu wa mungu huyo na kucheza hadi kujisahau. Kuna anayepiga tari, na kuna anayepuliza ala yenye mirija miwili. Hapa panafaa tahadhari ya lugha. Ala hiyo ya mirija miwili huitwa filimbi katika maelezo mengi, na katika Kiswahili ni rahisi kuufuata mkondo huo. Ala ya Wagiriki, hata hivyo, ilikuwa na mwanzi unaotetemeka mdomoni kama zumari, na sauti yake ilikuwa kali, ya kupenya. Anayeifikiria filimbi anasikia wimbo laini wa mchungaji, ilhali anayeifikiria zumari ya ngoma za pwani anasikia kitu kilicho karibu zaidi na kile ambacho msafara ule ulikusudiwa kuleta akilini. Makala haya yanatumia zumari pacha.

Licha ya zumari na tari, shamrashamra hii ina nidhamu ya kushangaza. Kila mchezaji amepewa nafasi yake, na nyuma yake jiwe limeachwa tupu. Mikunjo ya nguo za wamenadi imepangwa kwa mawimbi yanayolingana, kana kwamba upepo nao umefundishwa hatua za ngoma. Hakuna msongamano wala mtu anayemkanyaga mwenziwe. Wamenadi wanaosimuliwa na Euripides katika tamthilia yake ya wafuasi wa Dionysos humrarua mtu hai vipandevipande. Hawa wa marumaru hawaelekei kuharibu hata nywele zao.

Ni mmoja tu anayeuvunja mpangilio huo, naye ni Silenos, mzee mnene, mlezi wa Dionysos. Amelewa. Kikombe kimemponyoka, naye anainama kukiokota na kuelekea kuanguka, huku satiri akimkamata kwa nguvu asifike chini. Katika msafara mzima, huu ndio mwili pekee wenye uzito wa kweli. Wengine wanaelea, Silenos anavutwa na ardhi. Jicho la mtazamaji huishia kwake mara nyingi, na si vigumu kuelewa kwa nini, kwani mchongaji amelikusanya kwa mzee mmoja lile ambalo kwa wengine amelifuta: kwamba divai hulevya.

Roma ya Robert

Robert aliwasili Roma mwaka 1754 katika msafara wa balozi wa Ufaransa, aliyekuja kujulikana baadaye kama Duke wa Choiseul, akakaa huko hadi 1765. Miaka hiyo kumi na mmoja ilimpatia hazina aliyoitumia maisha yake yote. Alijifunza kutokana na Giovanni Paolo Panini, bingwa wa kuyapanga upya majengo ya kale katika picha ambazo kila jengo ndani yake ni la kweli ila ujirani wao ni wa kubuni. Alimfahamu Piranesi, aliyelikuza kila gofu hadi mwanadamu akaonekana kama sisimizi. Aliporejea Paris alipokewa katika Akademia ya Kifalme mwaka 1766, na haikupita muda akaitwa Robert wa Magofu.

Katika kipindi hichohicho Johann Joachim Winckelmann, Mjerumani aliyehamia Roma mwaka 1755, alikuwa akiandaa historia yake ya sanaa ya kale iliyochapishwa 1764. Winckelmann alifundisha kwamba ukuu wa sanaa ya Kigiriki umo katika usahili na utulivu wake. Fundisho hilo liliwapa wapenzi wa mambo ya kale kitendawili. Sehemu kubwa ya marumaru zilizofukuliwa Roma zilihusu divai, ngoma na ulevi. Je, utulivu unapatikanaje katika msafara wa walevi? Krateri ya Borghese ilitoa jibu lililomridhisha kila mtu: ulevi uliotulizwa, wazimu uliovishwa mikunjo safi. Haishangazi kwamba ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kale vilivyonakiliwa zaidi Ulaya. Nakala zake za marumaru zilikuwa zimekwisha kupangwa katika bustani za Versailles tangu enzi ya Louis wa 14, mara nyingi zikiambatanishwa na za Krateri ya Medici, na katika karne ya 18 karakana ya Josiah Wedgwood huko Uingereza ililipunguza umbo hilo hadi kimo cha kuwekwa juu ya meza.

Mchoro

Mwaka 1775 una umuhimu katika kuusoma mchoro wa Valence. Ikiwa tarehe hiyo ya kukadiriwa ni sahihi, mchoro ulifanywa takriban miaka kumi baada ya Robert kuondoka Roma. Mchoraji aliyemo pichani ameketi mbele ya krateri, lakini mchoraji wa mchoraji huyo alikuwa Ufaransa. Alitegemea kumbukumbu na michoro aliyorudi nayo.

Inawezekana pia kwamba alitegemea kitu cha tatu, nacho hakijapewa uzito unaostahili. Katika majira ya baridi ya 1774 hadi 1775 miti iliyozeeka ya bustani za Versailles ilianza kukatwa kwa amri ya Louis wa 16, na Robert alikuwapo. Alichora picha mbili kubwa za rangi za bustani hizo zikiwa zimejaa magogo, zikaoneshwa hadharani mwaka 1777. Yaani, katika miaka ileile ambayo mchoro wa Valence unahesabiwa kuwa wake, Robert alikuwa akitembea katika bustani zilizopambwa kwa nakala za Krateri ya Borghese, wakati bustani hizo zenyewe zikiwa gofu la muda. Hakuna haja ya kudai kwamba alikaa mbele ya nakala ya Versailles na kuichora. Inatosha kutambua kwamba krateri aliyoweza kuiona kwa macho mwaka huo ilikuwa nakala, na kwamba mchoro wake unairudisha nakala hiyo Roma.

Ndani ya mchoro, jambo la kwanza linalomgusa mtazamaji ni ukubwa. Chombo chenye kimo cha mtu kimefanywa jitu, na mtu anayekichora amepungua hadi kuwa mdogo mbele yake. Katika jumba la Borghese uwiano ulikuwa tofauti kabisa. Mgeni aliyekisogelea chombo alikutana na wachezaji karibu usawa wa kifua chake, akawatazama kama mtu anavyotazama wenziwe ng'ambo ya ua. Robert ameuvunja usawa huo, na mchoraji wake anatazama juu.

Jambo la pili ni mahali. Chombo hakikuwa kimetelekezwa. Kilikuwa mali iliyotunzwa, ndani ya jumba lenye ulinzi na wageni wa kila siku. Kwa kukitoa nje na kukiweka katikati ya mawe yaliyovunjika, Robert amekinyang'anya mwenyewe. Katika mchoro hakuna Borghese, hakuna mlinzi, hakuna bei. Kuna kazi ya kale na mtu anayejifunza kwayo. Picha hii ya elimu isiyo na mmiliki ilikuwa tamu kwa karne ya 18, na utamu wake umefunika ukweli kwamba wachoraji wa kigeni waliingia majumba kama lile kwa idhini ya wenye nayo.

Jambo la tatu ni hatima ya shamrashamra yenyewe. Vitabu vya picha za kuchapishwa vya karne ya 17 na 18 vilizoea kuukunjua mchongo wa chombo cha mviringo na kuutandaza kama mkeka, ili wachezaji wote waonekane kwa pamoja. Njia hiyo ilifaa kwa wasomi waliotaka kuwahesabu na kuwapa majina. Robert hakuifuata. Amekiacha chombo kiwe cha mviringo, na kwa hiyo ameikubali hasara: sehemu kubwa ya msafara imo upande usioonekana. Chaki nyekundu, hasa ikitumiwa kwa kasi kama alivyozoea, huzigeuza nyuso kuwa dalili za nyuso. Mtafiti anayetaka kujua msafara una nani na nani asiende Valence. Akienda, atakuta ngoma iliyozimwa sauti, ikiwa mwanga na kivuli juu ya tumbo la jiwe, na mbele yake mtu aliyeinamia kazi yake. Anayetenda katika mchoro huu ni mchoraji.

Hapo ndipo dhana ya mwingilianomatini, iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, inaposaidia. Kwa kawaida dhana hii hutumiwa kuonesha jinsi matini moja inavyobeba ndani yake matini nyingine. Mchoro wa Valence unabeba matini nyingine, na zaidi ya hapo unaonesha mkono ukiwa katika kuibeba. Ni nakala inayohusu kunakili. Mbinu yenyewe ya chaki nyekundu ililingana na wazo hili. Robert, kama rafiki yake Fragonard, alitengeneza mara nyingi nakala za mgandamizo. Karatasi yenye unyevunyevu iliwekwa juu ya mchoro uliokamilika, vikabanwa pamoja, na sehemu ya chaki ikahamia kwenye karatasi ya pili, picha ikiwa imegeuka kushoto kulia. Mchoro mmoja ukazaa wa pili, na msanii aliweza kuuendeleza wowote kati ya hiyo miwili. Kwa mtu aliyefanya kazi kwa njia hiyo, neno asili halikuwa na ukuta mnene unaolizunguka.

Ushahidi wa Mahdia

Mwaka 1907 wazamiaji wa Kigiriki waliokuwa wakitafuta sponji karibu na Mahdia, pwani ya mashariki ya Tunisia, waliikuta meli ya kale imelala katika kina cha mita 40 hivi. Uchimbaji ulioongozwa na Alfred Merlin uliendelea hadi 1913. Meli ilikuwa imesheheni bidhaa za anasa kutoka Ugiriki zilizokuwa zikipelekwa kwa wanunuzi wa Kirumi: nguzo za marumaru zaidi ya 60, sanamu za shaba, vitanda vilivyopambwa, vinara. Maandishi ya Athene yaliyokutwa humo yanaonesha ilikotoka. Ilizama katika nusu ya kwanza ya karne ya kwanza K.K., na wataalamu wengi huiweka kati ya miaka ya 80 na 60.

Miongoni mwa shehena hiyo zilikuwamo krateri kubwa za marumaru. Marumaru iliyobaki juu ya matope ilikuwa imeliwa na viumbe wa baharini hadi ikawa kama sega la nyuki, lakini sehemu zilizofunikwa zilihifadhika vya kutosha. Baadhi ya krateri hizo zina msafara uleule wa Krateri ya Borghese. Silenos yumo, ameinama vilevile, na satiri amemkamata vilevile. Leo zimo katika Makumbusho ya Bardo mjini Tunis.

Maana ya ugunduzi huo ni nzito. Krateri za Mahdia zilikuwa zimekwisha kuchongwa, kupakiwa na kuzama kwa takriban kizazi kimoja kabla ya tarehe inayokadiriwa kwa Krateri ya Borghese. Kwa hiyo msafara unaozunguka chombo cha Louvre haukubuniwa kwa ajili ya chombo hicho. Ulikuwa ruwaza iliyokuwa mikononi mwa wachongaji wa Athene, ikachongwa tena na tena kwa mteja yeyote aliyeweza kulipa. Kabla ya Mahdia, Friedrich Hauser alikuwa amekwisha kuonesha jambo hili kwa njia nyingine. Katika kitabu chake cha 1889 alikusanya michongo ya aina hii na kuainisha maumbo yanayojirudia: menadi huyu huyu hapa na pale, mara akielekea kulia, mara kushoto, mara akiwa peke yake, mara katika msafara. Karakana hizo huitwa za Kiatika mpya, na wachongaji wake walichota maumbo kutoka sanaa ya karne ya 5 na ya 4 K.K., wakiyapanga upya kama seremala anayepanga vipande alivyokwisha kuvikata. Utulivu wa wachezaji wa Borghese, na ile nafasi tupu iliyoachwa kati yao, unaeleweka vizuri zaidi kwa mwanga huu. Ni watu waliotolewa katika misafara tofauti na kukutanishwa juu ya jiwe moja.

Tabia hiyo ya kuchota haikuishia na Warumi. Krateri nyingine ya karakana za namna hii, yenye Dionysos aliyelewa akiegemea satiri, ilikuwa Pisa katika Zama za Kati. Mchongaji Nicola Pisano alilichukua umbo hilo na kulivisha heshima ya mzee wa Biblia katika mimbari aliyoikamilisha mwaka 1260 kwa ajili ya nyumba ya ubatizo ya mji huo. Mungu mlevi akawa mzee mcha Mungu katika tukio la Yesu kuletwa Hekaluni, na waumini hawakuona kasoro.

Tukirudi kwa Winckelmann na wafuasi wake, kosa lao halikuwa kukosa jicho. Waliuona utulivu uliomo kweli katika mchongo. Kosa lilikuwa kuuhesabu utulivu huo kuwa roho ya Ugiriki ya asili, wakati ulikuwa ladha ya soko la Roma, iliyotengenezwa na Wagiriki waliokuwa wakiwatazama mababu zao kwa umbali wa karne tatu au nne. Wachongaji wa Athene wa karne ya kwanza K.K. walikuwa nao warasimi wapya, kwa maana ileile ya istilahi iliyotolewa mwanzoni mwa makala haya. Urasimi mpya wa karne ya 18 ulipotafuta chanzo chake, ulikutana na kioo.

Mchoro wa Valence haukujua habari za Mahdia, wala usingeweza kuzijua. Hata hivyo, kati ya namna zote ambazo karne ya 18 iliitumia krateri hii, huu ndio unaohitaji marekebisho machache zaidi baada ya ugunduzi huo. Nakala za Versailles zilidai kuwa badala ya asili, na vyombo vya Wedgwood vilidai kuileta asili nyumbani. Mchoro wa Robert hauna dai lolote juu ya asili. Unadai tu kwamba mbele ya chombo kuna mtu anayenakili, na hilo lilikuwa kweli katika kila hatua ya historia ya chombo hicho, tangu karakana ya Athene.

Inaweza kupingwa kwamba magofu ya mchoro yanasema kinyume, kwamba yanakifanya chombo kuwa salio la ulimwengu mzima uliopotea, kwa hiyo jambo lisilorudiwa. Pingamizi hili lina nguvu, na ufafanuzi wowote unaolipuuza utakuwa pungufu. Jibu linalowezekana limo katika kazi nyingine ya Robert. Mwaka 1796 alichora picha ya rangi ya Ukumbi Mkuu wa Louvre ukiwa umebomoka, paa likiwa wazi kwa mbingu. Wakati huo alikuwa amekwisha kutoka gerezani, alikofungwa katika kipindi cha Ugaidi cha Mapinduzi ya Ufaransa, na alikuwa miongoni mwa waliosimamia jumba hilohilo lililogeuzwa makumbusho. Katikati ya magofu hayo ya kubuni imesimama sanamu ya Apollo wa Belvedere, na mbele yake ameketi msanii akiichora. Mpangilio ni uleule wa Valence, ila gofu ni la wakati ujao. Kwa Robert gofu si lazima liwe mwisho wa mambo. Ni mahali ambapo mtu anaketi na kuanza kunakili.

Kutoka Borghese hadi Louvre

Sanamu ya Apollo ilifika Paris kweli mwaka 1798, ikiwa mojawapo ya kazi ambazo Papa alilazimishwa kuzitoa, na ikarudishwa Roma baada ya kushindwa kwa Napoleon mwaka 1815. Krateri ya Borghese ilipita njia tofauti. Camillo Borghese alikuwa amemwoa Pauline, dada wa Napoleon, mwaka 1803, na mwaka 1807 aliuza sehemu kubwa ya mkusanyo wa familia kwa shemeji yake. Ni vigumu kuliita hilo soko huria, kwani muuzaji hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Lakini kwa kuwa kulikuwa na mkataba wa mauzo, chombo hakikurejeshwa pamoja na Apollo, na kimebaki Ufaransa hadi leo.

Hubert Robert alifariki Paris tarehe 15 Aprili 1808, kabla krateri haijaanza kuoneshwa huko. Ilipowekwa hadharani katika Louvre mwaka 1811, mgeni wa makumbusho aliweza kuizunguka, kumkuta Silenos akiinama kuokota kikombe chake, na kuendelea hadi upande ambao mchoro wa chaki nyekundu hauuoneshi.